Papa Pius wa Kumi: Mwalimu wa Kwaya ya Kijijini Aliyewarudishia Waumini Wimbo Wao



Kamati ya Jubilei ilipokaa kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana kwamba kurasa zake zisijae picha zetu na shukrani zetu peke yake. Kwaya inapotimiza miaka 25 haina budi kuwakumbuka pia wale waliotuachia kazi hii tunayoifanya. Baadhi yetu walipendekeza Mtakatifu Cecilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye sikukuu yake ya tarehe 22 Novemba hatujawahi kuiacha ipite bila wimbo. Lakini habari za Cecilia tumezisikia mara nyingi. Tukatafuta mtu mwingine, na tukampata katika tarehe hiyo hiyo. Ni Papa aliyeichagua sikukuu ya Cecilia ya mwaka 1903 ili kutoa waraka uliogeuza uimbaji wa Kanisa zima.

Huyo ni Papa Pius wa Kumi. Makatekista wetu humtaja wanapowaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza. Ila si wanakwaya wengi wanaojua kwamba kabla ya kuwa Papa alikuwa padre wa kijijini aliyewafundisha wakulima kuimba. Na wengine wakijua yote aliyoyaandika huenda wakanuna kidogo, maana waraka wake ulikataza ngoma kanisani na haukuwapa wanawake nafasi katika kwaya. Zaidi ya nusu yetu tungebaki kwenye viti. Hilo nalo tutalisimulia bila kulificha, kwa sababu tunaamini kwamba mtu anayejua safari ya wimbo wake huuimba vizuri zaidi.

Mtoto wa tarishi na mshonaji

Jina lake la ubatizo lilikuwa Giuseppe, yaani Yosefu, na jina la ukoo Sarto. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1835 katika kijiji cha Riese, kaskazini mwa Italia ya leo, upande wa Venice. Siku hizo eneo hilo lilikuwa chini ya utawala wa Austria. Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa tarishi wa kijiji. Mama yake, Margherita, alikuwa mshonaji nguo, na kwa bahati nzuri sarto kwa Kiitaliano maana yake ni fundi wa kushona. Katika nyumba hiyo ndogo walizaliwa watoto kumi.

Shule ya kuendelea ilikuwa katika mji wa Castelfranco, na Giuseppe alikwenda na kurudi kwa miguu kila siku. Inasimuliwa kwamba njiani alivua viatu akavibeba begani ili soli zisiishe, kisha akavivaa tena akikaribia mji. Wazee wetu waliosoma miaka ya hamsini na sitini hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mwaka 1850 alipata nafasi ya kusoma bure katika seminari ya Padua. Aliyemsaidia ni Kardinali Jacopo Monico, Patriaki wa Venice, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Riese. Lakini mwaka 1852 baba yake alifariki. Giuseppe ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya watoto waliobaki hai, na ilitarajiwa kwamba angerudi nyumbani kuwalisha wadogo zake. Mama Margherita akakataa. Alishika sindano yake, akashona mchana na usiku, mtoto akabaki seminarini. Tarehe 18 Septemba 1858, akiwa na umri wa miaka 23, akapewa daraja la upadre.

Ngumbaru na kwaya ya Tombolo

Alitumwa kuwa paroko msaidizi katika kijiji cha Tombolo, na huko akakaa miaka tisa. Paroko wake, Padre Antonio Costantini, alikuwa mgonjwa mara kwa mara, hivyo mzigo mkubwa wa parokia ulimwangukia kijana huyu. Wanakijiji walikuwa wakulima na wachuuzi wa ng'ombe. Wengi hawakujua kusoma, na midomo yao ilizoea kufuru na matusi ya mnadani.

Padre Giuseppe akaanzisha masomo ya jioni kwa watu wazima, ambayo sisi hapa Kenya tungeyaita ngumbaru. Walipomuuliza ada ni kiasi gani, aliwaambia kwamba hataki pesa. Alitaka jambo moja tu, kwamba waache kukufuru. Pamoja na kusoma akawafundisha kuimba. Aliunda kwaya ya wanakijiji na kuwafundisha nyimbo za Kigregoriani, zile nyimbo za kale za Kanisa ambazo watu wote huimba sauti moja, bila kinanda kuwa lazima, na ambazo mwendo wake hufuata maneno ya sala.

Tukisoma habari hizi, sisi tuliowahi kusimama mbele ya ubao na kuandika d, r, m tunamwelewa kabisa. Mtu asiyejua kusoma hukwepa kitabu cha nyimbo, na akikwepa kitabu hufunga mdomo. Tombolo ilimfundisha Padre Sarto kwamba muumini wa kawaida akisubiriwa na akifundishwa pole pole, anaweza kuimba hata wimbo uliodhaniwa kuwa wa wasomi. Jambo hilo hakulisahau mpaka alipofika Vatikani.

Mwaka 1867 alifanywa paroko wa Salzano. Mwaka 1873 kipindupindu kilizuka huko. Aliingia katika nyumba za wagonjwa, akawapa sakramenti, na akawazika waliokufa wakati watu wengi waliogopa kukaribia. Mwaka 1875 aliitwa Treviso kufanya kazi katika ofisi ya jimbo na kuwalea kiroho waseminari.

Askofu darasani

Mwaka 1884 Sarto alifanywa Askofu wa Mantua, jimbo lililokuwa limechoka. Seminari ilikuwa dhaifu, na yeye mwenyewe akaingia darasani kufundisha, pamoja na masomo ya uimbaji. Hakuona aibu kwamba askofu anasimama mbele ya vijana akirudia mstari mmoja wa wimbo mpaka wote waupate.

Ili tuelewe alichokuwa akipigania, lazima tujue hali ya uimbaji wa Italia wakati ule. Nchi ilikuwa imelewa opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa. Sauti na mtindo wa opera uliingia makanisani. Mwimbaji mmoja mashuhuri angeweza kurudia rudia neno moja la Utukufu kwa dakika nyingi huku padre ameketi akingoja amalize. Bendi za mitaani nazo ziliingia na tarumbeta zao. Watu walikwenda Misa kama waendao kusikiliza onyesho, na aliyetaka kusali alitoa rozari yake na kusali peke yake. Uimbaji ulikuwa mwingi kanisani, lakini waumini hawakuwa na wimbo wao.

Mwaka 1893 Vatikani iliwaomba maaskofu maoni kuhusu muziki wa kanisa. Askofu Sarto alipeleka maoni marefu, akisaidiwa na Padre Angelo De Santi, Mjesuti aliyekuwa mtaalamu wa muziki mtakatifu. Mwaka huo huo alifanywa Kardinali na Patriaki wa Venice. Serikali ya Italia ilichelewesha idhini yake, akaingia Venice mwishoni mwa mwaka 1894. Mama Margherita hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mapema mwaka ule, lakini alikwisha kumwona mwanawe akiwa Kardinali.

Huko Venice alimchukua padre mtarajiwa mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, Lorenzo Perosi, akamkabidhi kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko. Perosi baadaye akawa mtunzi maarufu na mkuu wa kwaya ya Sistina kule Vatikani. Mwaka 1895 Patriaki aliwaandikia mapadre wake barua ya kichungaji kuhusu uimbaji. Ndani yake mlikuwa na mengi ambayo Kanisa lote lingeyasikia miaka minane baadaye.

Tikiti ya kurudi Venice

Papa Leo wa Kumi na Tatu alifariki mwezi wa Julai 1903. Inasimuliwa kwamba Kardinali Sarto alipopanda treni kwenda Roma kupiga kura alikata tikiti ya kwenda na kurudi. Hakuwa na wazo la kubaki.

Aliyeongoza katika kura za mwanzo ni Kardinali Rampolla. Hapo ndipo Kardinali Puzyna wa Kraków aliposimama na kutangaza kwamba Kaisari wa Austria anampinga. Tawala kadhaa za Ulaya zilijipa haki hiyo ya zamani. Makardinali walikasirika, lakini kura zikaanza kuhamia kwa Patriaki wa Venice. Alilia, akawasihi wasimchague. Tarehe 4 Agosti 1903 akakubali, akiwa na umri wa miaka 68, akachukua jina la Pius. Mwaka uliofuata alipiga marufuku uingiliaji huo wa watawala, na tangu hapo hakuna mfalme aliyeingiza mkono wake katika uchaguzi wa Papa. Dada zake walihamia Roma wakaishi maisha ya kawaida, bila cheo chochote cha kifahari.

Waraka wa sikukuu ya Cecilia

Hata miezi minne haikuisha. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu. Kati ya mambo yote yaliyomngoja, vita vya maneno na serikali za Ulaya, umaskini wa majimbo, malezi ya mapadre, wimbo ulikuja mbele. Msingi wa waraka ulikuwa yale maoni aliyoyapeleka miaka kumi kabla.

Alisema, kwa kifupi, kwamba muziki wa kanisa lazima uwe mtakatifu, uwe sanaa ya kweli, na uweze kupokewa na watu wa mataifa yote bila kuwakwaza. Aliuweka wimbo wa Kigregoriani kuwa kielelezo, na baada yake nyimbo za sauti nyingi za watunzi wa kale kama Palestrina. Alifundisha kwamba muziki ni mtumishi wa Liturujia. Kwa hiyo kwaya haina ruhusa ya kumfanya padre asubiri altareni kwa sababu wimbo haujaisha. Alitaka waimbaji wawe watu wenye mwenendo mwema unaojulikana, wasiwe na sauti nzuri tu. Aliagiza kwaya zianzishwe hata katika parokia ndogo za mashambani, kwa kuwa alikwisha kuona huko Tombolo kwamba inawezekana.

Na aliagiza jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, kwamba waumini wenyewe warudishiwe uimbaji, ili washiriki Liturujia kwa vitendo kama Wakristu wa kale. Tunaposikia leo mapadre wetu wakisema juu ya ushiriki hai wa waumini katika Misa, maneno hayo yanatoka katika waraka huo.

Hakuishia kuandika. Mwaka 1904 aliunda tume ya kutengeneza upya vitabu vya nyimbo, akitegemea sana kazi ya watawa Wabenediktini wa Solesmes nchini Ufaransa, waliokuwa wamechambua maandishi ya kale kwa miaka mingi. Mwaka 1908 kikatoka kitabu kikuu cha nyimbo za Misa. Mwaka 1911 ikafunguliwa Roma shule ya juu ya muziki mtakatifu, ambayo mpaka leo inawafundisha wanamuziki wa Kanisa kutoka duniani kote.

Meza ya watoto, na Afrika yetu

Papa aliyetaka kila mdomo uimbe alitaka pia kila mdomo ule. Wakati ule Wakatoliki wengi walipokea Komunyo mara chache tu kwa mwaka, wakijiona hawastahili. Mwezi wa Desemba 1905 aliidhinisha agizo lililowahimiza waumini kupokea mara nyingi, hata kila siku. Mwezi wa Agosti 1910 akafungua njia kwa watoto. Badala ya kungoja mpaka wafike miaka kumi au kumi na miwili, mtoto wa miaka kama saba anayeweza kutofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida aruhusiwe mezani. Kila tunapowaimbia watoto wa parokia siku ya Komunyo ya Kwanza, tunaimba ndani ya nyumba ambayo yeye aliifungua mlango.

Miaka yake ilikuwa pia miaka ya mbegu huku kwetu. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903, mwaka aliochaguliwa. Nakuru yenyewe ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, reli ikiwa bado mpya. Mwaka 1912 Papa Pius aliruhusu rasmi mchakato wa Mashahidi wa Uganda uendelee Roma, na tarehe 29 Juni 1913, huko Villa Maria, Uganda ikapata mapadre wake wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa.

Hatutaki kumchora kama mtu asiye na ukali. Mwaka 1907 alilaani mafundisho aliyoyaona kuwa sumu kwa imani, na katika msako uliofuata wasomi kadhaa wa Kanisa walitiliwa shaka na kuumia. Moyo wake ulikuwa laini kwa maskini na mgumu kwa waliomtia hofu kuhusu imani. Watakatifu nao ni watu.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza siku za mwisho za Julai 1914. Mzee huyo, ambaye sasa alikuwa na miaka 79, alihuzunika sana kuona Wakristu wakiuana. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1914. Katika wosia wake alikiri kwamba alizaliwa maskini, akaishi maskini, na alitaka kufa maskini. Alitangazwa mwenye heri mwaka 1951 na mtakatifu tarehe 29 Mei 1954. Tunamkumbuka kila tarehe 21 Agosti. Kijiji cha Riese sasa kimeongezewa jina lake.

Ngoma iliyokatazwa

Sasa turudi kwenye lile tuliloahidi kutolificha. Waraka wa mwaka 1903 ulikataza piano kanisani, pamoja na ngoma na vyombo vingine vya kelele. Ulisema pia kwamba waimbaji wa kwaya wanatimiza huduma ya Liturujia, na kwa kuwa huduma hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume, sauti za juu ziimbwe na wavulana. Wamisionari walikuja kwetu na waraka huo. Babu na nyanya zetu waliojifunza Misa ya Kilatini walikariri nyimbo nzuri, lakini ngoma zao ziliachwa nje.

Ni haki tuelewe alikuwa akiangalia nini. Ngoma aliyoifahamu ilikuwa ya bendi ya mtaani na ya jukwaa la opera. Ngoma inayomsindikiza mtoto mchanga, inayoita watu kwenye mavuno, inayomzika mzee kwa heshima, hakuijua. Alikataza kitu kimoja, na jina lake likaangukia kingine kilicho mbali naye. Hata hivyo kosa hilo liliwagharimu watu wetu kiasi cha nusu karne. Walifundishwa kuona haya kwa kile ambacho Mungu aliwapa.

Lakini katika waraka huo huo aliacha dirisha. Alikubali kwamba kila taifa linaweza kuingiza katika nyimbo za kanisa sura yake ya muziki, mradi utakatifu wa wimbo usipotee. Dirisha hilo lilifunguliwa pole pole. Mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwahimiza wamisionari kukuza nyimbo za dini za mataifa waliyoyahudumia, na akaruhusu mahali penye upungufu wanawake waimbe. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen na kwaya yake waliimba Missa Luba, Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kongo, na dunia ikashangaa. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti wake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Kisha, tarehe 4 Desemba 1963, siku nane kabla ya Kenya kupata uhuru, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya Liturujia. Hati hiyo ilimtaja Pius wa Kumi kwa jina na kwa heshima, ikashika lile agizo lake la ushiriki wa waumini, na ikaagiza muziki wa watu wa nchi za misioni upewe nafasi yake. Mwaka uliofuata, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu huko Roma tarehe 18 Oktoba, utenzi mkubwa wa muziki wa Joseph Kyagambiddwa wa Uganda kwa heshima yao ulisikika katika mji huo huo. Mwaka 1967 maagizo mapya ya muziki mtakatifu yalisema wazi kwamba kwaya inaweza kuwa ya wanaume na wanawake pamoja.

Kwa hiyo yale makatazo yalipita. Lililobaki ni lile la Tombolo, kwamba wimbo wa Misa ni wa watu wote.

Na sisi wa Lanet?

Hapo ndipo maisha ya mzee huyu yanapotugusa, na ndiyo sababu tumeyaandika katika kijitabu cha furaha.

Katika miaka 25 tumekua. Tulianza na kayamba na ngoma moja. Leo tuna kinanda, spika, sare za aina tatu na nyimbo za sauti nne ambazo mazoezi yake hutuchukua Jumamosi nyingi. Tunamshukuru Mungu kwa yote hayo, na tunawashukuru waumini ambao harambee zao ziliyanunua. Lakini tukiwa wakweli, kadiri tulivyozidi kuimba vizuri, viti vilizidi kunyamaza.

Jumapili moja stima ilipotea katikati ya wimbo wa matoleo. Ulikuwa wimbo mpya, mgumu, tuliojivunia. Kinanda kikakatika, spika zikafa, teno wakapotea njia, besi wakawafuata, tukanyamaza kwa aibu. Kukawa kimya. Kisha shosho mmoja aliyeketi kwenye viti vya mbele akaanzisha wimbo wa matoleo wa zamani. Kabla hajamaliza mstari wa kwanza kanisa zima lilikuwa naye, wanaume, watoto, akina mama waliobeba sadaka, mpaka vijana waliosimama nje karibu na mlango. Sisi kwaya tukawa wafuasi. Hatujawahi kusikia kanisa letu likiimba namna ile.

Baada ya Misa tulibishana. Wengine walisema tumeaibishwa na tununue jenereta. Wengine walisema tumefundishwa. Ubishi huo ulidumu miezi, na ukweli ni kwamba ulituumiza. Wanakwaya wawili watatu waliacha kuja mazoezini, na tunawaombea warudi. Ni katika majuma hayo ndipo tulipoanza kusoma habari za Pius wa Kumi, tukaona kwamba ubishi wetu una zaidi ya miaka mia moja. Opera za Italia zilikuwa na waimbaji hodari kuliko sisi, na bado yeye aliuliza kwa nini waumini wako kimya.

Hatukuacha sauti nne. Naye hakuziacha, maana alimpenda Palestrina na akamlea Perosi. Kwaya inayojitahidi inamtukuza Mungu, na Mtaguso wenyewe uliagiza kwaya ziendelezwe. Tulichobadilisha ni kidogo na kinaonekana. Dakika kumi kabla ya Misa mwalimu wetu wa kwaya husimama mbele na kuwafundisha waumini kiitikio cha wimbo mpya. Zaburi ya kuitikia na Mtakatifu huimbwa kwa sauti ambayo kila mtu anaijua. Wimbo wa sauti nne tunauweka wakati wa shukrani, watu wakiwa wametulia. Na kila mwezi kikundi chetu huzitembelea jumuiya ndogo ndogo, kuanzia Pipeline hadi Umoja, kujifunza nyimbo wanazozijua wazee na kuwafundisha tulizonazo sisi.

Jenereta bado hatuna. Stima ikipotea sasa, Misa inaendelea.

Tunapoingia mwaka wa 26 tunawaomba mtuombee, nasi tunawaombeni jambo moja zaidi. Msituachie wimbo peke yetu. Mkituona tumesimama mbele tumevaa sare, jueni kwamba tuko pale kuwaanzishia, kama vile padre kijana wa Tombolo alivyowaanzishia wachuuzi wa ng'ombe jioni baada ya kazi. Naye mwenye sauti ya kukwaruza asione haya. Hata Tombolo zilikuwapo.

Mtakatifu Pius wa Kumi, utuombee.
Mtakatifu Cecilia, utuombee.
Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako Mashahidi, mtuombee.

Kwa niaba ya wanakwaya wote,
Katibu wa Kwaya